Tangazo Likae Wapi Lilipe?

 

Wiki hii nina barua mbili. Ya kwanza ni ya kijana wa Kasulu mjini mwenye tovuti ya habari za wilaya na nafasi za kazi. Ameweka matangazo ya Google AdSense sehemu saba katika kila habari: juu ya kichwa, chini ya kichwa, chini ya picha, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Anauliza, "Dada, nimejaza kila mahali na mwezi mzima sijafikisha hata dola kumi. Niongeze wapi tena?" Ya pili ni ya binti wa Kibondo anayeandika habari za wakulima: mbegu, maharage, asali, bei za mazao. Yeye ana tangazo moja tu, tena chini kabisa baada ya neno la mwisho, kwa kuwa anaona aibu kuwasumbua wasomaji wake. Naye hapati kitu.

Nianze na wewe wa Kasulu, maana wewe ndiye unayejiumiza mwenyewe.

Weka pembeni kompyuta unayoandikia. Chukua simu, tena usichukue yako nzuri, azima ya mtu wa nyumbani yenye kioo chenye ufa na nafasi iliyojaa picha za harusi. Zima WiFi, washa data, ufungue habari yako ya jana. Unaona nini? Bango. Chini yake kichwa cha habari. Chini yake bango jingine. Halafu nusu ya picha. Habari yenyewe haijaanza, na skrini imekwisha. Unateremsha kidole, unaanza kusoma sentensi ya kwanza, ghafla maneno yanaruka kwenda chini kwa sababu bango lililochelewa kupakia limefika na kujitafutia nafasi. Ulikuwa unataka kugusa "Endelea kusoma", ukagusa tangazo la viatu. Umerudi nyuma kwa hasira, au hukurudi kabisa.

Najua unachowaza: lakini si nimepata mbofyo? Hukupata. Google hupima mibofyo ya bahati mbaya na kuihesabu kuwa batili, na mwisho wa mwezi utaona makato bila kuelewa yametoka wapi. Ikizidi, akaunti inawekewa mipaka au inafungwa. Na huko kuruka kwa maneno kuna kipimo chake: Google inataka alama ya mtikisiko wa ukurasa isizidi 0.1, na ukurasa unaocheza-cheza unaweza kukushusha kwenye matokeo ya utafutaji. Dawa yake ni rahisi, na sijui kwa nini mafundi wetu wa tovuti hawaitumii. Itengee nafasi ya tangazo kimo chake mapema. Kama ni bango la pikseli 300 kwa 250, basi sanduku la kimo cha 250 liwepo tangu ukurasa unapofunguka, likiwa tupu. Tangazo likifika lijaze sanduku. Lisipofika, msomaji ataona pengo dogo, na pengo halijawahi kumkasirisha mtu.

Sasa tuingie kwenye swali lenyewe: tangazo likae wapi. Mimi msimamo wangu ni mmoja, na ushauri wangu wote wa leo unatoka hapo. Tangazo hulipa pale msomaji alipokwisha kutulia na kupata kitu, si pale anapoingia. Waangalieni wauza karanga na maji pale stendi ya Kibondo. Hawamkimbilii abiria anapohangaika kupandisha mizigo na kutafuta siti. Wanasubiri akae, avute pumzi, aangalie nje ya dirisha. Hapo ndipo ndoo inainuliwa. Kwenye habari yako, abiria amekaa baada ya aya ya pili au ya tatu. Ameshajua nani kafanya nini, ameamua kuendelea kusoma, na macho yake yanashuka taratibu. Hapo ndipo uweke tangazo lako la kwanza, lile la pikseli 300 kwa 250, katikati ya maneno, na nafasi ya kupumua juu na chini yake.

Hili si la kwangu peke yangu. Mwaka 2014 Google walitoa matokeo ya kupima matangazo yao wakakuta kwamba zaidi ya nusu, asilimia 56.1, hayakuonwa na mtu yeyote. Yalipakiwa, yakahesabiwa, na hakuna jicho lililoyafikia. Wakakuta pia kwamba nafasi inayoonwa zaidi haiko kileleni pa ukurasa. Ni ile iliyo karibu na mwisho wa skrini ya kwanza, pale unapokaribia kuanza kuteremka. Kilele watu wanakipita mbio. Ndiyo maana bango lako la juu ya kichwa, lile unalolipenda kwa sababu wewe ndiye unayeliona kwanza, ndilo la kuondoa leo hii.

Kuna jambo jingine limebadilika ambalo wengi wenu hamjalishtukia. Zamani mtu wa AdSense alikuwa anaomba mibofyo. Kuanzia mwanzoni mwa 2024 Google wameanza kulipa kwa tangazo kuonyeshwa, hawasubiri tena kubofywa. Na sokoni, kipimo kinachotumiwa na watangazaji cha tangazo "kuonwa" ni kwamba angalau nusu ya eneo lake liwe kwenye skrini kwa sekunde moja nzima au zaidi. Sekunde moja! Inaonekana kidogo, lakini pima kidole cha mtu anayepita juu ya bango la kileleni uone kama kinatoa hata hiyo. Kwa hiyo acha kufikiria namna ya kumfanya mtu abofye. Fikiria mahali anapokaa.

Watu kupita bango bila kuliona ni tabia ya zamani kama mabango yenyewe. Tangazo la kwanza la bango kwenye mtandao liliwekwa na tovuti ya HotWired tarehe 27 Oktoba 1994, likiwa la kampuni ya AT&T, na inasemekana watu 44 katika kila 100 walioliona walilibofya. Leo ukipata mmoja katika mia unashangilia. Kufikia 1998 watafiti wawili, Benway na Lane, walikuwa tayari wanaandika jinsi macho ya watu yalivyojifunza kuruka chochote chenye umbo la bango. Na hiyo ni kabla hatujaanza sisi kuweka saba kwenye habari moja.

Basi matangazo yako saba yapunguze yawe matatu. La kwanza baada ya aya ya pili au ya tatu. La pili katikati, kama habari ni ndefu. Habari ya aya tano haihitaji la katikati, usiilazimishe. La tatu mwisho wa habari, kabla ya orodha ya habari nyingine. Ukitaka la nne, liwe lile jembamba la kubandika chini ya skrini, pikseli 320 kwa 50, lenye alama ya X inayofanya kazi kweli. Ukiwasha yale matangazo ya kiotomatiki ya AdSense, ingia kwenye mipangilio uhakikishe hilo la kubandika linakaa chini, si juu, kisha punguza idadi, maana ukiwaachia wenyewe watakujazia ukurasa kama daladala ya jioni.

Na kuna kikomo ambacho si cha hisia. Umoja wa makampuni yanayosimamia ubora wa matangazo ulisema kwamba kwenye simu, matangazo yakichukua zaidi ya asilimia 30 ya urefu wa habari, hiyo ni kero. Kwenye orodha hiyo ya kero yapo pia yale yanayoruka mbele ya uso, yale ya video yenye sauti inayojiwasha, na yale yanayometameta. Chrome, ambayo ndiyo iko kwenye simu nyingi za Android, ilianza kuzuia matangazo kwenye tovuti zinazokaidi mwaka 2018, na tangu Julai 2019 inafanya hivyo dunia nzima. Kwa hiyo unaweza kuweka saba, ukajikuta Chrome inaonyesha sifuri.

Sasa wewe wa Kibondo, binti wa maharage. Aibu yako naielewa na ninaiheshimu, lakini hapo ulipoliweka tangazo si mahali pake. Mwisho wa habari anafika msomaji aliyebaki, na wengi wanatoka kabla. Hata hivyo usilitoe hilo la mwisho, liache, kwa sababu anayefika huko ni msomaji wako wa kweli. Ila ongeza la aya ya pili, na hapa una kitu ambacho mwenzako wa Kasulu hana: habari zako zina mahali ambapo msomaji anahitaji kitu.

Nikupe mfano. Unaandika habari ya mbolea ya ruzuku, ule mpango wa serikali ulioanza msimu wa 2022/23 ambapo mkulima lazima awe amesajiliwa. Mkulima wa Kibondo anaisoma habari hiyo Septemba au Oktoba, kabla mvua hazijashika. Anateremka aya kwa aya akitafuta jambo moja: nifanye nini, nipeleke nini, niende wapi. Anafika kwenye aya inayosema leta namba yako ya usajili na kitambulisho. Hapo, chini ya aya hiyo hiyo, kama kuna tangazo la duka la pembejeo la mjini lenye ramani ya mahali na namba ya simu, atalisoma kama sehemu ya msaada. Tangazo lile lile ukiliweka chini ya habari ya mtu aliyekamatwa na bangi halina maana yoyote. Nafasi nzuri, kwa hiyo, ni aya ambayo msomaji amemaliza kuisoma akiwa na swali mkononi.

Ndiyo maana nakushauri uachane kidogo na kutegemea dola. Hebu tupige hesabu ya mfano. Tuseme kila kurasa 1,000 zikifunguliwa AdSense inakupa senti 60 za dola. Ili ufikishe dola 100, ambacho ndicho kiwango cha chini cha kulipwa, unahitaji kurasa zaidi ya 166,000. Kwa tovuti ya wilaya hizo ni kurasa nyingi. Lakini duka la pembejeo moja likilipa shilingi 40,000 kwa mwezi, na maduka ya namna hiyo yakiwa matano, hizo ni shilingi 200,000 mkononi, bila kusubiri mtu wa California akupe ruhusa. Na wateja wako nyumbani. Kasulu na Kibondo zina nyumba za wageni, maduka ya mabati na saruji, wauza mbegu, shule binafsi, vyuo, mabasi. Hao ndio majirani zako, na wasomaji wako ndio wateja wao.

Uwauzie kwa msimu. Septemba na Oktoba ni mbegu na mbolea. Baada ya mavuno, kuanzia Juni hivi, watu wana fedha na wanaezeka nyumba, basi mabati na saruji. Novemba mpaka Januari ni shule na vyuo. Mwenye nyumba ya wageni anataka tangazo lake wakati wa mikutano ya wilaya na mahafali. Nenda dukani ukiwa na simu, siyo karatasi. Fungua habari uliyoandika jana, mwonyeshe kwa kidole: "Baba, tangazo lako litakaa hapa, chini ya aya hii." Akiona mwenyewe hahitaji kuelezwa.

Na usimuuzie nafasi ya pembeni. Hili nimeliona likiwaumiza watu. Kwenye kompyuta ukurasa una safu ya kulia, mabango yanapangana vizuri, mteja anaangalia kwenye kompyuta ya ofisini kwake anafurahi. Lakini kwenye simu ile safu ya kulia haipo. Inadondoka chini ya kila kitu, chini hata ya habari nyingine na anwani yako, mahali ambapo hakuna mtu ameshawahi kufika. Mteja amelipia jangwa. Siku atakapogundua, hutamkosa yeye tu, utawakosa na rafiki zake wa kijiwe cha kahawa.

Panga bei kwa mahali. Chini ya aya ya pili ndiyo ghali, mwisho wa habari ni nusu yake, mstari mwembamba wa chini ya skrini unaweza kuwa katikati. Usiweke wateja wawili wa biashara moja kwenye habari moja, watagombana na wewe. Andika juu ya kila sanduku neno "Tangazo", kwa herufi ndogo zinazosomeka. Kwa haya ya kwako ni uungwana, na kwa ya AdSense ni sheria kwamba huwezi kuyapa kichwa cha kudanganya kama vile "Habari Motomoto". Mwisho wa mwezi mpelekee mteja picha ya skrini na idadi ya watu waliofungua habari zilizobeba tangazo lake. Idadi ikiwa ndogo mpelekee hivyo hivyo.

Kijana wa Kasulu, nakurudia, kwa sababu umesema unaweka nafasi za kazi. Najua na matokeo ya NECTA utakuwa unaweka, maana kila tovuti ya Tanzania inashiba Januari kwa matokeo ya kidato cha nne. Hapo tahadhari sana. Msomaji wa matokeo hajaja kusoma. Amekuja na presha, anatafuta kiungo kimoja tu. Kila tovuti inajua hivyo, na wengi wanaweka tangazo jirani kabisa na kitufe cha "Angalia Matokeo" au "Pakua PDF", wengine wanalipaka rangi lifanane nalo. Huo ndio mchezo wa haraka kabisa wa kufungiwa akaunti. Sheria za AdSense zinakataza tangazo kukaribiana na vitufe vya kupakua kiasi cha kumchanganya mtu, na zinakataza kumwambia mtu abofye. Achilia mbali wewe kujibofyea, au kuwaomba vijana wa chuo wakubofyee kwa zamu kwenye kundi la WhatsApp. Hilo wanaligundua haraka kuliko unavyodhani.

Kwenye ukurasa wa matokeo weka kiungo juu kabisa, wazi, peke yake. Tangazo moja tu, mbali nacho, chini ya maelezo yako ya hatua zinazofuata: uchaguzi wa kidato cha tano, tarehe za vyuo, mikopo. Mzazi aliyeona matokeo ya mwanae anarudi hapo kusoma nini kifuate, na sasa ana dakika tano za utulivu. Tangazo la chuo cha afya chini ya aya hiyo litaonwa na mtu anayelihitaji.

Kuna kitu nataka nikigombeze, na ninaomba mniruhusu. Ni bando. Msomaji wetu ananunua MB kwa shilingi zake, mara nyingi za siku moja. Ukitoka mjini kuelekea vijijini mtandao unashuka, na njiani kati ya Kibondo na Kasulu unakuja na kupotea. Mtu akifungua habari yako ya maneno 400 na ikambebesha matangazo saba yenye video, amelipia matangazo yako zaidi ya alivyolipia habari. Wewe umepata sehemu ya senti, yeye amepoteza bando. Huyo hatarudi, na hatakwambia kwa nini. Ndiyo pia maana wengi bado wanatumia Opera Mini, ambayo inabana kurasa ili kuokoa data, na katika kubana huko matangazo mengi hayaonekani vizuri au hayaonekani kabisa. Umemfukuza msomaji kwenda kwenye programu inayokunyima pato.

Mwambie fundi wako matangazo ya katikati na ya mwisho yasipakiwe mpaka msomaji akaribie kuyafikia. Asiyefika huko hayabebi. Funga video. Google wanasema kitu kikubwa cha kwanza kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5, kwa mtandao wetu ni shughuli, basi angalau kitu hicho kiwe kichwa cha habari na picha iliyopunguzwa uzito, lisiwe bango.

Wapo wasomaji wengine ambao hamwafikirii. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, hapo Makere, Kasulu, imepokea Wakongomani tangu miaka ya 1990, na maelfu yao wamehamishiwa Marekani. Leo kuna familia ziko Louisville na Dallas zinazosoma Kiswahili, zenye ndugu bado kambini, zinazotafuta habari za Makere na Kasulu kila wiki. Mtangazaji hulipa zaidi kwa jicho lililoko Marekani kuliko lililoko Kigoma. Si haki, lakini ndivyo soko lilivyo. Habari zinazowahusu hao, andika ndefu na za kina. Wako kwenye WiFi ya nyumbani, wanasoma mpaka mwisho, na hapo tangazo la katikati na la mwisho linalipa kweli. Kwa habari za namna hiyo AdSense ikae, na tangazo la duka la mabati la Kasulu liondoke, maana mtu wa Dallas hanunui bati. Ingawa mmoja anaweza kuwa anamjengea mama yake, na huyo akinunua hununua nyumba nzima. Jaribuni.

Na mnapojaribu, badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja. Hamisha tangazo la kwanza kutoka juu kwenda aya ya pili, acha wiki mbili au tatu, halafu angalia mapato kwa kila kurasa 1,000, usiangalie jumla ya mwezi. Jumla inadanganya: wiki ya matokeo itakupandisha hata kama umekosea. Na bei za matangazo duniani hupanda Novemba na Desemba kisha huanguka Januari, kwa hiyo ukihamisha tangazo Desemba usijipongeze, na ukihamisha Januari usilie.

Kuhusu tanzia sina majadiliano. Mnaweka habari za misiba, na ni huduma nzuri kwa watu walio mbali. Lakini nimeona picha ya marehemu, mzee wa kanisa, na chini yake tangazo la kubeti likimwahidi mtu mamilioni. Familia yake ilikuwa inasambaza kiungo hicho kwenye kundi la ukoo. AdSense ina mahali pa kuzuia aina za matangazo: kubeti, uchumba, utajiri wa haraka, dawa za kupunguza mwili. Zuia. Na kurasa za tanzia zitoe kabisa kwenye matangazo ya kiotomatiki. Mipangilio inakuruhusu kuchagua kurasa zisizoguswa. Mtakosa senti kadhaa. Sawa.

Mwisho ni makaratasi, na nitakwenda haraka. Ukifikisha dola 10 Google wanakutumia PIN kwa barua ya kawaida ya posta, kwa anwani uliyojaza. Wengi wenu mmejaza "Kasulu mjini karibu na sokoni", na barua inazunguka mpaka inapotea. Jaza S.L.P. ya kweli, ya kwako, ya shule au ya parokia yenye mtu anayejua jina lako, na jina hilo lifanane na la akaunti yako ya benki. Una miezi minne tangu PIN ya kwanza itumwe; usipoiingiza, matangazo yanasimama. Kwa upande wa nyumbani, kuweka habari mtandaoni kuna leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, tangu Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018, zile zilizofanya hata tovuti ya JamiiForums isimame kwa muda Juni mwaka huo; kanuni za 2020 zikachukua nafasi yake, zikarekebishwa 2022. Ada za sasa zipo kwenye tovuti ya TCRA, zisome kabla hujaanza kumuuzia mtu nafasi. Na mteja wako wa mjini akikwambia anakata asilimia 5, hajakuibia: tangu Julai 2023 kuna kodi ya zuio kwenye malipo ya watengeneza maudhui ya kidijitali. Mwombe cheti cha makato hayo, kihifadhi pamoja na TIN yako, utakihitaji ukienda TRA kujaza ritani.

Binti wa Kibondo, nitumie kiungo cha habari ya maharage ukishalihamisha tangazo. Nitaifungua kwa simu ya bando.